Chandarua kwanza, mto baadaye

Mtoto akitimiza siku ya saba na kufanyiwa akika, ndugu na majirani huja na zawadi: mito midogo iliyotariziwa, mablanketi mazito, na vimito vya kuzungushia kitanda. Ni ihsani inayostahili dua. Hata hivyo, tunawaomba wazazi wenzetu wajiulize: je, vyote hivyo vinafaa kuwa pamoja na mtoto anapolala?

Kata ya Mbangala, wilayani Songwe, imo katika bonde la Ziwa Rukwa, ambako joto huwa kali, hasa Oktoba na Novemba kabla ya mvua. Blanketi linalofaa kwa baridi ya Juni kule Mbozi au Tunduma, huku laweza kumzidishia mtoto joto, nalo joto lililozidi ni miongoni mwa mambo yanayohusishwa na vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini. Aidha, kichanga hana nguvu ya kuuondoa mto uliomziba pua. Nchini Marekani, baada ya kampeni iliyoanza mwaka 1994 ya kuwahimiza wazazi wawalaze watoto chali, vifo hivyo vilipungua kwa takribani nusu. Mwaka 2022 nchi hiyo ilipiga marufuku kwa sheria uuzaji wa vimito vya kuzungushia kitanda.

Malazi salama ni machache na hayana gharama kubwa. Godoro liwe gumu, lisibonyee na kubaki na shimo, na lienee kitanda bila kuacha mwanya. Shuka moja, au khanga, ikazwe na kuchomekwa chini yake. Mto, midoli na blanketi visiwepo katika mwaka wa kwanza. Mtoto alazwe chali, usiku na mchana, wala asiachiwe uzi au mkufu shingoni. Ikiwa kuna baridi, aongezewe nguo. Mama amguse kifuani, na akikuta jasho, apunguze.

Asiye na kitanda cha mtoto asihuzunike. Godoro dogo gumu juu ya mkeka, kando ya mama, latosha. Amnyonyeshe usiku, kisha amrudishe mahali pake. Kunyonyesha, ambako Qur'ani imekutaja katika Suratul Baqara, aya ya 233, nako hupunguza hatari ya vifo hivyo.

Fedha iliyokusudiwa mapambo ielekezwe kwenye chandarua chenye dawa, kwani katika bonde hili mbu ni adui mkubwa kuliko baridi. Mjamzito asiache kukiulizia kliniki. Kichomekwe chini ya godoro pande zote na kivutwe vizuri, kisije kikamwangukia mtoto usoni.

Kumtegemea Mwenyezi Mungu hakuondoi wajibu wa kuchukua tahadhari; mtoto ni amana, na kuilinda nafsi yake ni ibada. Basi bibi au shangazi akileta mto, upokelewe kwa shukrani na uhifadhiwe kabatini. Siku yake itafika, in shaa Allah.