Newala haina mto, lakini majitaka yake yana pa kwenda

Ukisimama Shimo la Mungu, pale uwanda wa Makonde unapokatika ghafla mjini Newala, unaliona bonde la Ruvuma na ng'ambo yake Msumbiji. Juu uwandani hakuna mto. Mvua za masika zikinyesha, mchanga unazimeza, na kwa miaka mingi wenyeji walishuka bondeni kuchota maji na kuyapandisha kichwani. Ndiyo maana mtu wa Newala au Chilangala akisikia habari za mabwawa ya kusafisha majitaka, huona ni mambo ya Dar es Salaam na mto wake Msimbazi. Sisi tuchafue mto gani?

Maji yanayomezwa na mchanga hayapotei. Huteremka polepole ardhini, kisha hutokeza mabondeni. Chanzo cha Mitema, katika bonde la Kitangari, hutegemea hazina hiyo ya chini ya ardhi. Maji ya Mitema husukumwa kwa pampu hadi juu, Newala na Tandahimba. Mradi wa maji wa Makonde una historia ya tangu miaka ya 1950, na sasa uwanda umeingizwa katika mradi wa miji 28 unaogharamiwa kwa mkopo wa India.

Neema hiyo ina mkia wake. Wahandisi hukadiria kuwa takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia nyumbani hutoka yakiwa majitaka. Palipokuwa na ndoo mbili za kichwani, majitaka yalikuwa machache. Bomba likifika, na fedha za korosho zikajenga nyumba yenye choo cha kuvuta, shimo hujaa na gari la kunyonya huitwa. Swali ni likamwage wapi. Likimwaga korongoni, mvua itayasomba hadi bondeni.

Moshi ina jibu la kuigwa. Kule Mabogini majitaka hupitishwa katika mabwawa yaliyofuatana. La kwanza ni refu kwenda chini. Taka nzito hutuama, na bakteria wasiohitaji oksijeni huzila. Katika la pili mwani hutengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua, na bakteria wengine humalizia kazi. Ya mwisho huwa na kina kifupi, ili jua liue vimelea. Maji yanayotoka huko wakulima huyatumia kumwagilia mpunga.

Majitaka yakiingia mtoni bila kupita hatua hizo, kazi ya kuyala hufanyika mtoni humo humo: bakteria humaliza oksijeni na samaki hukosa pumzi. Ardhini hatari yake ni nyingine. Mchanga huzuia vimelea vingi, lakini hauzuii naitreti itokayo vyooni, ambayo ikizidi katika maji ya kunywa huifanya damu ya mtoto mchanga ishindwe kubeba oksijeni ya kutosha.

Wamakonde hawahitaji kufundishwa upya kuheshimu maji. Simulizi ya asili yao inasema watoto wa mwanzo wa mwanamume aliyechonga mke kwa mti walikufa bondeni, na aliyezaliwa juu ndiye aliyepona. Wosia ukabaki kwamba watu wasijenge penye maji makubwa. Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini wosia na katazo hilo vyote vinapima umbali wa nyumba. Havisemi gari la majitaka likamwage wapi.

Newala na Tandahimba hazihitaji kuanza na mtandao mkubwa wa mabomba. Mabwawa machache ya kupokea shehena za magari, mbali na vyanzo kama Mitema, yangetosha kuanzia, kwa kuwa yanaendeshwa na jua na mteremko bila umeme. Kinachohitaji haraka ni ardhi. Vingunguti, Dar es Salaam, makazi yameyasogelea mabwawa ya majitaka hadi karibu kabisa. Uwandani bado pana nafasi; halmashauri zitenge eneo sasa, kabla halijapimwa viwanja.