Hedifoni: Usinunue jina, nunua sauti

HEBU fikiria, msomaji, nyumba ya chumba kimoja na sebule mtaani. Ni saa moja jioni. Baba anataka taarifa ya habari, mama anaongea kwa simu na shangazi aliye mashambani, kitinda mimba analilia katuni, naye kifungua mimba aliye chuoni ana mhadhara uliorekodiwa ambao ni lazima ausikilize kabla ya kesho. Je, nani atamnyamazia mwenzake?

Katika familia nyingi za mjini, jibu limekuwa hedifoni. Kila mtu avae zake, nyumba itulie. Shida ni kwamba pesa ni chache, na vibanda vimejaa hedifoni za kila rangi, nyingine zikimetameta taa kama matatu. Anayenunua kwa macho hurudi kibandani baada ya miezi michache, upande mmoja ukiwa umekufa na mito ya masikioni ikibanduka vipande vipande. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa rahisi ni ghali.

Hata hivyo, si lazima uuze ng'ombe ndipo upate hedifoni nzuri. Aina inayomfaa zaidi mkazi wa mjini ni ile inayofunika sikio zima na ambayo vikombe vyake vimezibwa kwa nyuma. Ukijua mambo machache ya kukagua, hata fedha kidogo zitakufikisha mbali.

Kwa nini zilizozibwa?

Hedifoni za kichwani ni za aina mbili. Ipo aina iliyo wazi kwa nyuma, ambayo vikombe vyake vina vitundu vya kupitisha hewa na sauti. Kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ndiyo iliyoleta aina hiyo sokoni mwaka wa 1968 kwa hedifoni yake iliyoitwa HD 414. Wapenzi wa muziki huisifu aina hii kwa sauti yake pana. Lakini kila unachosikiliza, jirani yako anakisikia, na kelele zake nazo zinakuingilia. Katika ploti ambako ukuta mmoja unatenga familia mbili, hiyo haitufai.

Aina ya pili imezibwa. Nyuma ya spika ndogo iliyo ndani ya kikombe kuna ukuta mgumu, na mbele kuna mto unaozunguka sikio na kugusana na ngozi pande zote. Sauti yako inabaki ndani, kelele za wengine zinabaki nje. Faida yake kubwa, ambayo wengi hawaifikirii wanaponunua, ni kwamba unasikia vizuri bila kuongeza sauti.

Jambo hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Ndani ya sikio mna chembe zenye vinyweleo laini zinazopokea mitikisiko ya sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Kelele nyingi za muda mrefu huziua, na kwa binadamu chembe hizo zikifa haziwi tena. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema kwamba zaidi ya vijana bilioni moja duniani wamo hatarini kupoteza uwezo wa kusikia kutokana na mtindo wao wa kusikiliza.

Shirika hilo pia limetoa kipimo. Mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa mtoto, kiwango ni desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Kila unapoongeza desibeli 3, muda huo unagawanywa kwa mbili. Kwa mtu mzima, desibeli 83 ni saa 20, na desibeli 86 ni saa 10 pekee. Kijana anayesikiliza saa mbili kila siku kwa desibeli 86 anakuwa amekwisha kula posho yake ya wiki nzima ifikapo siku ya tano.

Hedifoni isiyoziba vizuri hukulazimisha kuongeza sauti ili kushindana na kelele za nje. Ndiyo maana jambo la kwanza la kukagua ni kuziba. Jina, rangi na taa vifuate baadaye.

Kipimo cha viganja

Usikubali kuuziwa mbuzi ndani ya gunia. Mwombe muuzaji akuruhusu kuvaa hedifoni kabla ya kulipa. Akikataa, nenda kwa mwingine. Mitaa kama Luthuli Avenue jijini Nairobi ina maduka mengi ya vifaa vya sauti yaliyopangana, na mwenye kukataa anajua mwenzake yuko hatua mbili tu kutoka kwake.

Zivae kwanza bila kucheza chochote. Mazungumzo ya watu na honi za magari vinapaswa kufifia. Ngurumo ya injini ya basi itabaki, na hilo lisikutie wasiwasi, kwa kuwa vikombe huzuia sauti nyembamba kwa urahisi kuliko sauti nzito. Hakikisha pia kwamba sikio lako lote limeingia ndani ya mto na haligusi spika.

Sasa cheza wimbo unaoujua vyema. Weka viganja juu ya vikombe na uvibonyeze taratibu kuelekea kichwani. Besi ikiongezeka kwa ghafla, basi kuna mwanya mahali fulani na mito haijaziba. Besi isipobadilika sana, hizo zimekukaa.

Fanya jaribio hilo ukiwa jinsi unavyokuwa kila siku. Ukivaa miwani, ibakize usoni, kwa sababu vijiti vyake huinua mto na kuacha mwanya. Wanaosuka rasta nene na wanaovaa hijabu wajaribu hivyo hivyo. Mito laini na minene husaidia, lakini kichwa cha kila mtu kina umbo lake na hakuna anayeweza kukuchagulia.

Kisha inama, tikisa kichwa, tafuna kama unayekula. Kaa nazo dakika kumi. Zikibana taya sasa, fikiria itakuwaje baada ya mhadhara wa saa mbili. Mwisho, mvishe uliyekwenda naye huku muziki ukicheza, nawe simama kando usikilize ni kiasi gani kinachovuja.

Sikiliza sauti ya mtu

Wengi hujaribu hedifoni kwa wimbo wenye besi ya kutetemesha dirisha. Besi inafurahisha, lakini ikizidi hufunika maneno, nawe utaongeza sauti ili uyasikie. Jaribu pia sauti ya mtu anayeongea, kwa mfano msomaji wa habari. Je, anasikika kama yuko mbele yako au kama yuko ndani ya pipa? Herufi "s" zinakuchoma masikio? Mwanafunzi atakayetumia hedifoni kwa mihadhara alizingatie hili kuliko jingine lolote.

Hakikisha kwamba upande wa kulia na wa kushoto zina nguvu sawa. Pindapinda waya taratibu karibu na pini na mahali unapoingia kwenye kikombe, kwani huko ndiko hukatikia. Sauti ikikatakata, rudisha.

Yaliyoandikwa kwenye boksi

Karibu kila boksi litakuambia kwamba hedifoni hizo zinatoa sauti za kuanzia hezi 20 hadi 20,000. Huo ni upeo wa masikio ya binadamu tu, na haukuelezi kama sauti hizo zinatoka kwa usawa. Usilipe shilingi zaidi kwa sababu ya tarakimu hizo. Ukubwa wa spika nao, milimita 40 au 50, si ushahidi wa ubora. Kuna spika ndogo zinazozishinda kubwa.

Tarakimu yenye maana ni ile ya omu, yaani ukinzani wa umeme. Hedifoni za omu 32 hadi 64 kwa kawaida huendeshwa vizuri na simu. Zile za omu 250 huhitaji amplifaya. Kwa mfano, Beyerdynamic DT 770 Pro ya Ujerumani imetengenezwa kwa omu 32, 80 na 250. Asiyesoma anaweza kununua ya 250, aiunganishe na simu, kisha ailaumu kwamba haina nguvu.

Waya au Bluetooth?

Ikiwa fedha ni chache, waya ndio rafiki yako. Katika hedifoni za Bluetooth, sehemu ya pesa zako inalipia betri, chaji na mitambo ya kupokea mawimbi. Katika zile za waya, pesa hizo zinaweza kwenda kwenye spika na mito. Isitoshe, betri huzeeka. Hedifoni nyingi za bei ya chini hutupwa betri inapokufa, ilhali spika zake bado ni nzima. Waya pia hauna ucheleweshaji, jambo ambalo wapiga kinanda na wacheza michezo ya kompyuta hulithamini.

Ikiwa simu yako haina tundu la pini, utahitaji adapta inayoingia kwenye tundu la chaji. Ihesabu katika bajeti yako mapema. Na ikiwa ni lazima upate Bluetooth, chagua inayokubali waya pia, ili chaji ikiisha usiachwe mataani.

Wauzaji watakutajia vilevile hedifoni zinazofuta kelele kwa mitambo. Hizo hufanya kazi vizuri zaidi dhidi ya ngurumo za mfululizo, kama za ndege au basi la masafa marefu. Kwa sebule yenye watoto na redio, mito inayoziba vyema inatosha.

Majina ya kuanzia

Sony MDR-7506 zilianza kuuzwa mwaka wa 1991 na bado zinatengenezwa. Mafundi wa sauti katika studio nyingi wanazijua. Huenda zikaupita uwezo wa mwanafunzi, lakini zina funzo: mito yake hubadilishwa inapochakaa, kwa hiyo hedifoni inadumu. Audio-Technica ATH-M20x ni za daraja la chini kidogo. Zimezibwa na zina omu 47, ila waya wake hauchomoki. OneOdio Pro-10 zina waya unaochomoka, na zinakubali pini ndogo ya simu na ile kubwa ya kinanda na amplifaya. Waya unaochomoka ni baraka, kwa kuwa ukikatika unanunua waya tu.

Jihadhari na mtego mmoja. Sony MDR-ZX110 ni nyepesi na zimezibwa, lakini mito yake hukalia sikio badala ya kulizunguka. Wapo wanaozipenda, ila si aina tunayoitafuta hapa. Kwenye picha ya mtandaoni ni rahisi kuzichanganya, basi soma maelezo kabla ya kulipa.

Usipumbazwe na majina makubwa yanayouzwa kwa bei ya sahani ya chipsi. Hizo ni bandia. Kagua tahajia kwenye boksi, ulinganishe na picha za mtengenezaji, udai risiti na dhamana iliyoandikwa. Ukinunua mtandaoni, soma masharti ya kurudisha bidhaa kwanza.

Za mitumba, zile ziitwazo eksi-UK, zinaweza kuwa bahati. Hedifoni nzuri iliyotumika mara nyingi huishinda mpya mbovu. Hakikisha pande zote mbili zinalia, kisha ununue mito mipya, kwa usafi na kwa kuziba.

Piga hesabu

Tuseme unanunua hedifoni za Sh600 na zinaharibika kila baada ya miezi minne. Kwa mwaka umetumia Sh1,800, na kwa miaka miwili Sh3,600. Kijana angeweza kuweka akiba na kununua za Sh3,000 mara moja, abakishe Sh600 za mito ya akiba. Familia nayo ingefanya vyema kuwa na hedifoni moja nzuri ya zamu kuliko tatu mbovu.

Ukishazipata, zitunze. Pangusa mito kwa kitambaa kikavu, maana jasho na mafuta ya nywele huila ngozi ya bandia. Usiziache juani. Unapochomoa, shika pini, usivute waya. Na usiuviringishe waya kwa kuukaza kwenye simu.

Mzazi, weka sheria mbili nyumbani. Sauti isipite asilimia 60 ya uwezo wa simu, na hedifoni zisivaliwe barabarani wala juu ya bodaboda, kwa sababu kile kinachozuia kelele huzuia pia honi. Mtoto akilalamika kwamba masikio yanalia baada ya kusikiliza, mpumzishe, na mlio usipoisha, mpeleke hospitalini.

Mito mipya utaipata dukani, waya pia. Sikio halina kipuri. Basi siku ukienda kununua, acha macho yako mlangoni na uingie na masikio.