Breki ya Mkono katika Motokaa Iliyobadilishwa

Wengi wenu mmekwisha kuiona motokaa iliyosimamishwa mlimani, mwenyewe amekwenda dukani, na watoto wanacheza upande wa chini. Injini imezimwa, wala hapana mguu juu ya breki. Ni kitu gani kinachoizuia isiteremke? Ni breki ya mkono. Leo nataka kuwaeleza habari za breki hiyo, hasa katika motokaa ambazo wenyewe wamezibadili baada ya kutoka kiwandani. Maana watu huweka injini yenye nguvu zaidi, hubadili magurudumu, huondoa breki za zamani na kutia mpya, na katika kazi hizo zote breki ya mkono ndiyo hukumbukwa mwisho.

Kazi ya kubadili motokaa hupendwa sana Uingereza, ambako mtu na rafiki zake huifanya katika banda lililo nyuma ya nyumba, na sheria ya huko imesema waziwazi juu ya jambo letu. Basi nitaanza na sheria hiyo, kisha nitafika kwenye gari mnalolijua nyote, yaani Land Rover.

Kanuni za Uingereza za mwaka 1986, zihusuzo uundaji wa magari na matumizi yake, zataka kwamba breki ya kusimamishia gari iwe na mkono wake mbali na breki ya mguu. Zataka iweze kulishika gari katika mlima wa 16 kwa mia, yaani mlima ambao ukienda mbele futi 100 umepanda futi 16. Na tena, jambo ambalo wengi hulisahau, zataka kwamba ikiisha kufungwa ishikwe na chuma chenyewe, si na mafuta, wala umeme, wala upepo uliosindikwa. Kanuni hizo zakataza pia kuliacha gari bila mtu kabla ya kuzima injini na kufunga breki hiyo, isipokuwa magari ya namna chache tu.

Hiyo 16 kwa mia si hesabu ya karatasini. Motokaa yenye uzito wa kilo 1,000 ikiwa juu ya mlima huo huvutwa kwenda chini kwa nguvu ya kilo 160 hivi, pungufu kidogo ya magunia mawili ya mahindi. Breki ya mkono hukaa ikizuia mzigo huo usiku kucha, na hapana mtu wa kuikaza tena ikilegea.

Sasa, kwa nini sheria iyakatae mafuta, na hali breki ya mguu yafanya kazi kwa mafuta na twaiamini kila siku? Sababu ni muda. Ukikanyaga breki, mafuta hubanwa katika mirija kwa dakika moja au mbili, na mguu wako upo ukiyaongezea nguvu. Lakini ukiyafungia mle kwa saa nyingi, huweza kuvuja kidogo kidogo kando ya mipira. Tena mafuta yaliyopata moto safarini hupungua ukubwa yakipoa. Tone dogo likipungua, nguvu iliyokuwa ikibana gurudumu hupotea. Waya wa chuma uliovutwa, na kijino kilichoingia katika meno yake, havina tabia hiyo.

Nalisema jambo hili kwa kirefu kwa sababu ipo namna moja ya breki ya mkono ambayo vijana huipenda mno. Ni ule mkono mrefu uliosimama wima, wenye pampu yake ndogo ya mafuta, ambao madereva wa mashindano huutumia kufunga magurudumu ya nyuma ghafula ili gari ligeuke katika kona kali. Kwa mashindano ni chombo kizuri, wala siwezi kumlaumu anayekifurahia. Bali kwa kusimamisha gari hakifai, na Uingereza hakikubaliwi kuwa badala ya breki ya mkono ya kawaida. Tena mara nyingi hutiwa katika mrija ule ule wa breki ya mguu uendao nyuma, hata mrija ukipasuka, mguu na mkono vyote viwili havina kazi kwa magurudumu hayo. Atakaye kukitia na akitie, lakini asiuondoe waya wa zamani.

Tuje kwenye diski. Breki za zamani za nyuma zilikuwa dramu: ndani yake mna viatu viwili ambavyo hutanuka na kusugua ukuta wake. Dramu ina werevu wake. Inapotaka kuzunguka, hukivuta kiatu kimoja kijibane zaidi, na hivyo nguvu ndogo ya mkono huzaa kubwa. Diski haina msaada huo. Hubanwa pande zote mbili kama kipande cha mti katika jiliwa, na hushika kwa kadiri ilivyobanwa, basi. Kwa hiyo mtu aliyeondoa dramu na kutia diski, akaunganisha waya ule ule na mkono ule ule, huona breki ya mguu imekuwa bora na breki ya mkono imekuwa dhaifu, naye hastahili kustaajabu.

Mtu huyo ana njia kadha wa kadha. Aweza kutafuta kalipa iliyoundwa na mkono wa breki ndani yake, yenye skrubu inayosukumwa na waya. Aweza kuongeza kalipa ya pili, ndogo, isiyo na kazi nyingine ila kusimamisha gari. Lakini nyingine ni ndogo kupita kiasi. Iliyo nzuri kuliko zote, kwa maoni yangu, ni diski yenye dramu ndogo katikati yake: diski kwa mguu, dramu kwa mkono. Yapo pia makalipa ya umeme. Hapo umeme huizungusha skrubu tu, kisha skrubu hushika yenyewe hata betri ikifa. Lakini kuyatoa katika gari moja na kuyatia katika jingine kwataka fundi wa umeme hodari, na si kazi ya banda la nyuma ya nyumba.

Njia yoyote ichaguliwe, waya usipindwe kwa kona kali, maana nguvu huishia mle ndani, wala usivutike gari linaporukaruka juu ya springi zake.

Na Land Rover? Tangu lilipotokea mwaka 1948, breki yake ya mkono haikuwekwa kwenye magurudumu. Iliwekwa dramu moja nyuma ya giaboksi, ikishika propela. Na namna hiyo iliendelea mpaka Defender ya zamani ilipokoma kuundwa mwaka 2016. Dramu hiyo ni moja tu na bado yaweza kushika gari zito, kwa sababu nguvu zake hupitia kwenye difu. Katika Land Rover za zamani difu huzidisha nguvu hizo mara 4.7.

Sasa sikieni jambo la ajabu. Wenye Land Rover hizo hupenda kutia difu za Range Rover zenye hesabu ya 3.54, ili gari liende mbio zaidi barabarani. Breki haikuguswa hata kidogo, lakini nguvu zake za kushika zimepungua kwa robo. Ukiongeza na matairi makubwa, zimepungua tena. Fundi akiulizwa atasema kwa haki kwamba breki hakuigusa.

Breki hiyo ina hatari nyingine. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu huliacha lizunguke bure, na gari laweza kuondoka ijapokuwa breki imefungwa. Kabla ya kutia jeki, weka mawe au kabari chini ya magurudumu yaliyobaki. Wala usiivute gari likiwa katika mwendo, ila kwa dharura, kwani waweza kuvunja vyombo vya propela.

Aliyebadili gari lake, na alipeleke kwa mkaguzi. Katika ukaguzi wa kila mwaka wa Uingereza, breki ya mkono hutakiwa itoe nguvu isiyopungua 16 kwa mia ya uzito wa gari, au 25 kwa mia kama breki ya mguu ina njia moja tu ya mafuta. Na kampuni ya bima iambiwe mabadiliko yote kabla ya ajali.

Hata hivyo waweza kuijaribu mwenyewe. Tafuta mteremko usio na watu chini yake, mtu akae ndani, mguu tayari. Funga breki ya mkono, toa gia, uachilie breki ya mguu polepole. Ligeuze gari ujaribu tena, maana iko breki ishikayo upande mmoja kuliko wa pili. Mwisho, lijaribu likiwa limetoka safari, breki zina moto. Diski hupungua unene zikipoa, na gari lililosimama imara laweza kuanza kwenda baada ya dakika kadhaa. Piga alama ya chaki kwenye tairi na chini yake, dereva asitoke ndani, mkangoje nusu saa, kisha mtazame.