Mtoto Mnene: Tumpime Namna Gani?



Ukipita njiani na mtoto mnene, watu wanakusifu: "Mama huyu anajua kulisha!" Tumeona watoto wengi waliokonda, kwa hiyo unene unatufurahisha. Lakini macho peke yake hayatoshi. Mtoto anapimwa.

KWANZA, TAZAMA MIGUU. Mtoto mwenye bwaki anavimba, na wengine wanafikiri ananenepa. Bonyeza kidole gumba juu ya kila mguu, uhesabu mpaka sekunde 3, kisha uondoe. Kama shimo linabaki kwa miguu yote miwili, ile siyo mafuta, ni maji. Hapana kungoja siku ya kupima. Mlete hospitali leo leo.

PILI, KILO NA UREFU. Kilo peke yake inadanganya. Kilo 50 si nyingi kwa kijana wa miaka 15 mwenye santimetri 165. Lakini kwa mtoto wa miaka 10 mwenye santimetri 140, ni nyingi mno. Ndiyo sababu muganga anatazama kilo, urefu na umri pamoja.

TATU, TUMBO. Kama mtoto amepita miaka 6, unaweza kumpima nyumbani. Chukua kamba, umpime toka kisigino mpaka utosi, ukate. Ikunje mara moja katikati. Sasa uizungushe kwenye tumbo, kati ya mbavu za chini na mfupa wa nyonga, wakati anatoa pumzi. Hapana kukaza. Ncha zikikutana, ni vizuri. Zisipokutana, mlete kliniki. Yule mtoto wa santimetri 140, nusu yake ni 70. Kama tumbo lake iko na 76, mafuta yamezidi.

Kwa nini tumbo? Kwa sababu mafuta mengi ya tumboni mara nyingi yanaenda pamoja na mafuta mabaya katika damu. Katika mtoto mnene sana, mara nyingi mafuta yanayoitwa trigliseridi yanapanda, na kolesteroli nzuri, ile inayolinda mishipa, inashuka. Mtoto hasikii uchungu wowote. Anacheza, anacheka. Lakini kolesteroli mbaya ikizidi miaka mingi, inashika ndani ya mishipa, njia ya damu inakuwa nyembamba, na akiwa mtu mzima moyo au ubongo unaweza kupata hatari.

Muganga akiomba damu ipimwe, usiogope. Kama amesema mtoto asile kwanza, mlete asubuhi akiwa amekunywa maji tu. Kolesteroli yote chini ya miligramu 170 kwa desilita moja ni nzuri. Toka 200 ni nyingi. Trigliseridi toka 100 ni nyingi kwa mtoto ambaye hajafika miaka 10. Toka miaka 10 mpaka 19, ni toka 130.

TUFANYE NINI?

Hapana kumnyima mtoto chakula. Yeye anakua bado. Mara nyingi tunataka kilo zisimame tu, wakati urefu unaongezeka.

– Sukre isiwe ya kila siku. Chupa moja ya santilita 33 inaweza kuwa na sukari gramu 35, ni kama vijiko vidogo 7. Sukari nyingi inageuka mafuta ndani ya ini. Mpe maji safi.
– Punguza mandazi na vitu vya kukaanga.
– Pika sombe na lengalenga na mawese kidogo. Ongeza maharagwe na samaki, punguza fungu la ugali.
– Acheze, akimbie, atembee, saa 1 au zaidi kila siku.
– Jamaa yote wale namna moja, na mtu asimcheke. Mtoto anayechekwa anajificha, na anakula kwa siri.

Wamama, tunawapima watoto wenu juu ya wembamba. Tuwapime vilevile juu ya unene. Leo jioni, tafuta kamba.