Binti yuko Ulaya na anasema "naweka pesa ya karatasi". Maana yake ni nini?

Majuzi timu yetu ilikuwa Kianjokoma, kule juu Embu ambako mashamba ya majani chai yanapanda kuelekea Mlima Kenya. Tulikuwa tumeweka meza na mwavuli karibu na ajenti, tukiwaonyesha wateja jinsi ya kubadilisha namba ya siri na kusoma taarifa ya akaunti. Mama mmoja mkulima wa chai alingoja hadi foleni ikaisha, kisha akatuuliza swali ambalo hatukuwa tumejiandaa nalo.

"Watoto wangu, nyinyi mnajua mambo ya pesa za kutoka nje. Msichana wangu ni nesi Uingereza. Kila mwezi alikuwa anatuma. Sasa anasema atapunguza, anaweka pesa ya karatasi. Ni karatasi gani hiyo inashinda karo ya ndugu yake?"

Tulicheka naye kidogo, lakini swali lilikuwa zito. Mwaka wa 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9. Sehemu ya pesa hizo hupita kwa simu kama yako. Lakini wengi wanaozituma wana kibali chenye tarehe ya kuisha. Kibali kikiisha na hakuna kingine, pesa nazo zinakatika. Kwa hivyo hii karatasi inamhusu aliye kule na pia wewe unayesubiri meseji huku.

Karatasi yenyewe ni gani?

Ni kibali cha ukaaji wa kudumu. Mtu anapoondoka kwenda kufanya kazi Ulaya, mara nyingi anapewa visa iliyofungwa kwa kazi. Akifutwa au kampuni ikifungwa, ana muda mfupi wa kutafuta mwajiri mwingine, la sivyo anarudi nyumbani. Akipata ukaaji wa kudumu anaweza kubadilisha kazi bila kuomba visa upya. Angalia, huu bado si uraia. Anabaki Mkenya na anaendelea kutumia pasipoti ya Kenya.

Kila nchi ina masharti yake. Tuchukue mbili ambazo vijana wa Embu wanazitaja sana.

Uingereza: Utaratibu uliozoeleka kwa wafanyakazi wenye ujuzi, manesi wakiwemo, ni kuomba baada ya miaka 5. Kuna mtihani wa maswali 24 kuhusu maisha ya huko, unafanywa kwa dakika 45, na lazima upate 18. Mtihani ni pauni 50. Sasa sikia ada ya maombi yenyewe: ni zaidi ya pauni 3,000 kwa kila mtu, yaani zaidi ya nusu milioni za Kenya. Kama ana mume na mtoto wanaoomba naye, kila mmoja analipiwa yake. Tena, Mei 2025 serikali ya Uingereza ilichapisha mpango wa kufanya kipindi cha kawaida kiwe miaka 10. Kwa hivyo kabla ya kupiga hesabu yoyote, mwombaji asome masharti ya siku hiyo kwenye tovuti ya serikali, gov.uk. Asitegemee aliyoambiwa na rafiki aliyeomba mwaka juzi.

Ujerumani: Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji na ajira mjini Berlin tarehe 13 Septemba 2024. Mkataba huo hauna idadi ya nafasi zilizotengewa Wakenya, hata ukisikia watu wakitaja laki ngapi. Mfanyakazi mwenye ujuzi anaweza kuomba ukaaji wa kudumu baada ya miaka 3 akiwa na kibali cha ujuzi, na aliyehitimu mafunzo ya kazi Ujerumani kwenyewe baada ya miaka 2. Anatakiwa awe amechangia pensheni miezi 36 (au 24 kwa huyo wa pili), ajue Kijerumani kiwango cha B1, na awe na mapato na nyumba ya kutosha. Ada kwa wengi ni euro 113 tu. Kwa hivyo kule mzigo mkubwa uko kwenye lugha, na lugha unaweza kuanza kujifunza ukiwa bado hapa Kenya.

Zaidi ya hapo, sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka wa 2003 inampa mgeni aliyekaa kihalali miaka 5 mfululizo katika nchi moja nafasi ya kuomba ukaaji wa muda mrefu. Ireland na Denmark haziko kwenye mpango huo.

Kwa nini hakuja Disemba akakaa?

Mama alituuliza na hili. Mwaka jana alikuwa mgonjwa, binti akaja, akakaa wiki chache, akarudi. Watu wakasema amebadilika.

Ukweli ni kwamba siku zinahesabiwa. Kwa masharti ya Uingereza ya wafanyakazi, mtu hapaswi kuwa nje ya nchi hiyo zaidi ya siku 180 ndani ya miezi 12 yoyote katika kipindi anachohesabiwa. Kwa ile sheria ya Umoja wa Ulaya, hapaswi kutoka kwa miezi 6 au zaidi kwa mkupuo mmoja, wala kupitisha miezi 10 kwa jumla katika miaka hiyo 5. Akizidisha, huenda akaanza kuhesabu upya. Kwa hivyo ukimwambia mtoto "kaa kidogo, shamba halina mtu", muulize kwanza amebakisha siku ngapi.

Familia inaweza kusaidia vipi?

Pigeni hesabu pamoja. Chukua ada ya pauni 3,000. Akianza kuweka miaka miwili kabla, ni pauni 125 kila mwezi. Akingoja mwaka wa mwisho, ni 250. Mkijua hiyo mapema, mnaweza kukubaliana: mwaka huu karo itoke kwa bonasi ya chai, mwaka ujao yeye aendelee. Ni afadhali kupunguziwa kidogo kwa mpango kuliko kukatikiwa kabisa kwa ghafla.

Angalieni pasipoti. Maombi ya ukaaji yanahitaji pasipoti iliyo hai. Ile ya kurasa 34 ni shilingi 7,550 ukiombea hapa Kenya kupitia eCitizen. Kama ataipitia nyumbani kwa likizo na iko karibu kuisha, mjue hilo kabla hajafika, si siku ya kurudi.

Lipeni serikali kwa nambari ya serikali. Malipo ya eCitizen yanaenda kwa Paybill 222222. Kwa mfano cheti cha tabia njema, kile wengi tunaita "good conduct", ni shilingi 1,050. Unalipa, unachapisha fomu, unaenda kuchukuliwa alama za vidole, na unaweza kufanyia hapo Huduma Centre Embu. Hakuna haja ya kumpa mtu elfu tano akufanyie.

Usiachie mtu laini yako. Hii ni ya wewe unayeondoka. Laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako ikibaki na ndugu pamoja na namba ya siri, mkopo wowote utakaochukuliwa ni wako, na kila muamala una jina lako. Kama unataka ndugu apokee pesa, apokee kwa laini yake mwenyewe.

Na huyu wa "kuharakisha"?

Hapa ndipo mama aliinamisha kichwa. Kijana wake mdogo, yule wa karo, anataka kumfuata dada yake. Kuna mtu alimwambia ana njia ya kumpatia kazi ya kulea wazee Uingereza pamoja na ukaaji wa kudumu palepale, kwa shilingi 45,000, nusu kwanza. Walikuwa washatuma 15,000 kwa nambari ya mtu binafsi.

Tulimwambia ukweli. Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza ilifunga njia ya kuajiri walezi wapya kutoka nje. Na hakuna nchi tuliyoitaja hapa ambapo mfanyakazi anauziwa ukaaji wa kudumu kabla hajaenda kufanya kazi. Miaka ndiyo inayolipwa kwanza.

Tukajaribu kurudisha ile pesa. Ilikuwa imepita wiki tatu, na mpokeaji alikuwa ameitoa siku ile ile. Ndiyo maana tunarudia kila mara: ukishuku, tupigie mara moja, dakika hiyo hiyo. Pesa ikiwa bado iko kwa akaunti ya mpokeaji tunaweza kuizuia. Ikishatoka kwa ajenti, inabaki kuwa kesi ya polisi. Hifadhi meseji zote za muamala na uende nazo kituoni.

Kabla hujatuma chochote kwa ajenti wa kazi, fanya mambo matatu:

1. Tafuta jina la kampuni kwenye orodha ya waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.
2. Angalia jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha. Kampuni haina sababu ya kupokea pesa kwa jina la mtu.
3. Omba risiti na mkataba kwanza. Akisema "tuma leo, nafasi inaisha", ngoja hadi kesho.

Tulipomaliza, mama alinyamaza kidogo akiangalia simu yake. Kisha akasema, "Kwa hivyo huyu msichana amekuwa akilima shamba la kukodisha. Sasa anatafuta hati."

Hatukuwa na maneno bora kuliko hayo. Alitupatia simu tumwonyeshe jinsi ya kutuma, kwa sababu kwa miaka yote hiyo alikuwa anapokea tu. Akaanza kuweka shilingi 1,000 kando kila mwezi kwenye akiba yake, ili binti akipungukiwa mwishoni asikope. "Si nyingi," alisema, "lakini atajua nyumbani tumeelewa."

Na wewe, una mtu nje anayeweka pesa ya karatasi? Mpigie leo umuulize mambo mawili: tarehe yake ya kuomba ni lini, na amebakisha kiasi gani. Ukiwa na swali lolote kuhusu kutuma, kupokea au kuweka akiba, mwone ajenti aliye karibu nawe au utupigie. Na usimpe mtu yeyote namba yako ya siri, hata akisema anatoka kwetu.