Tarehe Zisizosema Kweli: Ukusanyaji wa Medali za Kutawazwa kwa Wafalme

Akiba haiozi, walisema wahenga. Miongoni mwa akiba ambazo watu huziweka ni medali zilizotengenezwa kuadhimisha kutawazwa kwa wafalme. Makala haya yanafafanua, kwa kurejelea Uingereza, mambo ambayo mkusanyaji hana budi kuyazingatia.

Kwanza, ni vyema kutofautisha dhana mbili. Nishani, neno lenye asili ya Kiajemi lenye maana ya alama, ni tuzo rasmi: hutolewa na dola kwa mtu aliyeteuliwa, naye huivaa kifuani ikining'inia kwenye utepe. Medali ya ukumbusho ilitengenezwa na viwanda mbalimbali, ikauzwa kwa yeyote aliyeitaka au kugawiwa watoto wa shule. Ndiyo maana hii ya pili hupatikana kwa wingi zaidi.

Pili, tarehe iliyochorwa haitoshi kuwa ushahidi. Edward VII alitarajiwa kutawazwa tarehe 26 Juni 1902. Siku mbili kabla ya hapo alifanyiwa upasuaji, na sherehe ikaahirishwa hadi tarehe 9 Agosti. Medali zilikuwa zimekwisha kutengenezwa. Hata nishani rasmi ina tarehe ya Juni. Edward VIII naye alikuwa atawazwe tarehe 12 Mei 1937, lakini alijivua ufalme Desemba 1936. Siku iyo hiyo ilitumiwa kumtawaza nduguye, George VI. Hivyo basi, zipo medali za kutawazwa kwa mfalme ambaye hakutawazwa kamwe. Wengi hudhani kuwa ni adimu. La hasha! Zilitengenezwa kwa wingi kabla hajaondoka.

Tatu ni suala la jina. Nishani ya Elizabeth II, aliyetawazwa tarehe 2 Juni 1953, ni ya fedha na ilitolewa bila jina la mpokeaji. Nishani 37 za msafara wa Mlima Everest ndizo zinazojulikana kwa maneno yaliyochongwa ukingoni. Kwa nyingine, utambulisho umo katika cheti kilichoandamana nayo. Kuitenga nishani na cheti chake ni kuinyima historia yake.

Suala hili linatuhusu. Elizabeth alirithi ufalme akiwa Kenya, Februari 1952. Alipotawazwa, nchi ilikuwa chini ya hali ya hatari, na Jomo Kenyatta na wenzake watano walikuwa wamehukumiwa Kapenguria tarehe 8 Aprili 1953. Nishani zilizotolewa katika makoloni mwaka huo zina uchungu wake. Je, kuzihifadhi ni kuusifu ukoloni? Sivyo. Kuhifadhi ni kutunza ushahidi: nani alituzwa, wakati gani, na wenzake walikuwa wapi.

Kwa kuhitimisha, anayepata nishani ya aina hii asiisugue ing'are, kwani kusugua hufuta michoro. Aidha, awahoji wazee wa jamaa na kuandika masimulizi yao mapema. Fedha ikiyeyushwa na sonara, thamani ya madini hubaki. Habari za aliyeivaa hazirudi.