Kitenzi cha Kiingereza na Vijineno Vyake

Mwanafunzi wa Mbotela, mtaa wa Nairobi, akiisha kujua kwamba "put" ni kuweka, hustaajabu kuambiwa kuwa "put off" ni kuahirisha, "put out" ni kuzima moto, na "put up with" ni kustahimili. Sababu yake ni dhahiri: Kiswahili aghalabu huutia mwelekeo ndani ya kitenzi chenyewe, kama katika ingia, toka, panda na shuka, ilhali Kiingereza hupenda kuvikabidhi kazi hiyo vijineno vifuatavyo.

Ndiyo maana Mkenya aliyepigiwa simu huambiwa "pick the call", pasipo "up" apendayo Mwingereza. Na kinyume chake, kwa kuwa sisi hujadiliana juu ya jambo, husema "discuss about", ingawa sarufi ya Uingereza haikihitaji kijineno hicho.

Basi mwenye kutaka ufasaha wa lugha hiyo, hasa katika mtihani au barua rasmi, nasaha yetu ni hii: kitenzi na kijineno chake avihifadhi pamoja, kama neno moja.